Ufunguo wa Nyumba ya Pangani

Sikurithi kitu. Nilitoka Pangani na begi moja, nikaosha vyombo Maskati mchana na kusoma jioni, nikarudi na stashahada ya uhifadhi wa vitu vya kale. Hilo nalisema waziwazi kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Chumba cha makumbusho ya kufuli na funguo nilichofungua hapa Tanga mjini ni jasho langu. Hata makabati ya vioo nilichora mimi, fundi akafuata.

Ninavyo vitu vya kutazama. Lipo komeo la mbao kutoka Maramba, lenye vijiti vinavyodondoka vyenyewe na kulikamata. Lipo kufuli la shaba la wenye duka wa asili ya Kihindi, lisilofunguka mpaka ujue pa kubonyeza. Lakini katikati, juu ya kitambaa cheusi, niliweka ufunguo wa nyumba yetu ya Pangani, chuma kizito kirefu kama kiganja.

Kwetu ufunguo wa nyumba hushikwa na mwanamke mkubwa wa ukoo. Huufunga kwenye pindo la kanga yake, na akiona umri umekwenda, humkabidhi anayemwamini kuliko wote. Hakuna karatasi wala kikao. Tangu siku hiyo, asubuhi ya Idi, wakubwa kwa wadogo huanza kwake kutoa mkono.

Shangazi, mkubwa wa ukoo wetu, alinipa mimi, mwanamume wa kwanza kupewa. Siku ya ufunguzi alivaa kanga mpya, akakaa mstari wa mbele, akanisikiliza nikiwaeleza wageni jambo hilo, akapiga makofi. Nilijiona nimefika.

Mwaka huu mama mmoja muuza vitambaa alikuja kutazama. Akauliza kama nimewahi kuujaribu ufunguo ule mlangoni. Nilimjibu nilivyofundishwa, kwamba ufunguo wa kale hautiwi kitasani, chuma hulika. Mama akaondoka, swali likabaki.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda Pangani. Shangazi alikuwa barazani akichagua mchele. Nikatoa shikamoo, nikamwambia nimekuja kuujaribu ufunguo mlangoni, mara moja tu, kisha nitaurudisha kabatini. Akaniambia nile kwanza. Nikasema nitakula baadaye. Akasema kitasa kina kutu. Nikasema nimekuja na mafuta.

Ufunguo uliingia na kuzunguka ovyo, kama mwiko kwenye sufuria tupu. Nikatia mafuta, nikazungusha tena. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale, nikimweleza shangazi jinsi vitasa vya zamani vinavyochakaa, mdogo wangu wa kike alipotoka jikoni akijifuta mikono. Yeye hajapata kuvuka mpaka wa Horohoro. Anauza vitumbua sokoni na ndiye anayekaa na shangazi. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akaniomba nisogee. Akafunga, akafungua. Kitasa kililia mara mbili, safi.

"Kaka, ufunguo wako mzuri," akasema. "Ila mlango haukujui."

Nilimgeukia shangazi, nikamuuliza huu wangu ni wa wapi.

"Wa ghala la mbata la babu yako, alikokaushia nazi. Lilianguka wewe hujazaliwa."

"Na ukakaa mstari wa mbele ukanipigia makofi?"

Aliendelea kuchagua mchele. "Ulikuja kuuchukua umevaa glavu, mwanangu. Ukaniambia nisiuguse kwa mkono mtupu, jasho litauharibu. Nimelala nao kiunoni tangu mama yako yu hai, na wewe unaniambia nisiuguse. Nikasema moyoni huyu atautia kiooni, na nyumba itafunguliwa na nani asubuhi? Ndipo nikaingia ndani nikakutolea wa ghala."

"Ungekataa tu, shangazi."

"Ungenielewa?"

Nilisema ningeelewa. Mdogo wangu akaangua kicheko, akarudi jikoni. Chakula kiliandaliwa, sikula.

Nimefikiri sana juu ya zile glavu. Nilifuata kazi niliyosomea, na bado sioni kosa langu lililostahili uongo ule. Anayekunyima mbele ya macho yako umemjua. Shangazi alinipa, akanibariki, akaniacha nisimame mbele ya watu nikijiita mwaminiwa, na nyumba nzima ya Pangani ikijua ufunguo uko kwenye pindo la muuza vitumbua. Wageni wa Idi walianza kwangu au kwake? Nilikumbuka kwamba kila mwaka simu zao za Idi kwangu zilikuja mchana. Nilidhani ni heshima, wananiacha nipumzike.

Kibao cha kabati la katikati nilikiandika upya mwenyewe. Mwandiko wangu husifiwa, lakini kile niliharibu karatasi tatu kabla hakijanyooka: Ufunguo wa ghala la mbata, Pangani. Ghala halipo tena.

Idi iliyofuata niliamka mapema nikavaa kanzu, kwa sababu desturi inanitaka nikatoe mkono kwa mdogo wangu kwanza. Badala yake nilikwenda makumbusho, nikajifungia ndani, nikang'arisha shaba mpaka adhuhuri. Simu haikulia.