Mashine ya Joto Iliyovikwa Nailoni

Muuguzi wa usingizi alisimama mlangoni pa stoo ya hospitali hadi miguu ikamuuma, na mtunza stoo hakuwa na haraka hata ya kupepesa macho.

"Dada, mashine hiyo ya wageni," alisema mtunza stoo. Ilikuwa kabatini, ingali na nailoni yake. "Wakaguzi wakija waikute mpya."

"Miezi minane tangu iletwe, bado ni mpya! Na wagonjwa ni wageni wa nani?"

"Haya, Mama Joto ameanza."

Jina hilo alipewa kwa kung'ang'ania jambo moja. Katika upasuaji wa kupitia matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ili kamera ipate nafasi. Tumbo likituna, mapafu hubanwa. Na gesi yenyewe hutoka mtungini ikiwa baridi. Yeye, akaaye kichwani pa mgonjwa akihesabu pumzi, alikuwa akiona wengine wakiamka wanatetemeka, wakivuta pumzi fupi za kuibia. Hakuapa kwamba kosa ni la baridi. Lakini kifaa cha kupasha gesi kipo, hicho cha kabatini, kwa nini kisijaribiwe?

Na leo aliyekuwa akingoja kutolewa mawe ya nyongo ni mama mkwe wake, mwenye kifua kibovu tangu ujana.

"Mwanangu, usigombane na watu hapa," bibi huyo alikuwa amemwonya asubuhi. "Watasema mjane wa mwanangu hana adabu."

Adabu! Miaka kumi na moja ameimeza kama shubiri.

"Lete kitabu cha vifaa," alimwambia mtunza stoo. Akaandika jina lake, na la ukoo wa mumewe, kwa herufi kubwa. "Wakaguzi wakiuliza, waonyeshe hilo. Sasa fungua."

Akaichana nailoni palepale.

"Leo tunapika chai?" daktari mpasuaji alimtania chumbani mwa upasuaji, alipoiona mashine.

"Wewe pasua, daktari. Chai niachie mimi."

Alasiri bibi aliamka. Hakutetemeka. Huenda ni joto, huenda ni bahati. Muuguzi aliandika namba zote za joto na pumzi.

"Mtunza stoo amekuja kunipa pole," bibi alinong'ona. "Kasema umemchania nailoni yake, ukaandika jina letu kitabuni."

"Mama, ningefanyaje?"

Bibi akavuta pumzi, ndefu, hadi chini, bila kukohoa.

"Na jina letu umeliandika likasomeka?"

"Kwa herufi kubwa, mama."

"Basi."