Damu ya Pongo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa darubini. Nilipewa ufagio na debe la pumba, nikaelekezwa chumba cha panya. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na maabara ya mifugo tuliyofanyia kazi ilikuwa nyumba ya mawe upande wa juu wa stesheni ya reli ya Nakuru, mgongo wake ukiangalia mlima Menengai. Mimi ni mtoto wa Bondeni, mtaa wa hapo hapo Nakuru. Baba yangu alikuwa fundi cherehani aliyefika mjini pamoja na watu wa pwani waliofuata reli. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na Kiingereza changu kilitosha kusoma maandishi ya chupa za dawa.

Aliyenipokea ni Mzee Joram, mtunza wanyama wa maabara, Msamia kutoka kando ya ziwa, karibu na mpaka wa Uganda. Hakuwa mzee kwa umri. Alikuwa na watoto wawili wadogo tu. Tulimwita hivyo kwa sababu ya utulivu wake. Alinionyesha namna ya kumshika panya mweupe kwa ngozi ya shingo asikuume, na namna ya kumjua aliyeanza kuugua: manyoya husimama, naye hujikunyata pembeni wakati wenzake wanakula.

Mkubwa wetu alikuwa Afisa wa Maabara, daktari wa mifugo, Mzungu mwembamba asiyependa maneno mengi. Baada ya miezi kadhaa aliniita akaniweka kwenye darubini. Kazi ilikuwa hivi. Unachukua tone la damu ya ng'ombe kutoka sikioni, unalitandaza juu ya kioo, unalipaka rangi, unaliosha, kisha unaangalia. Mara nyingi tulikuwa tukitafuta ndigana, ugonjwa wa kupe, kwa sababu huo ndio uliokuwa ukiua ng'ombe wa mashamba ya Bahati na wa wafugaji wa kule juu Olenguruone. Lakini tulikuwa pia na kazi ya malale, ugonjwa wa usingizi, na hiyo ilihitaji damu mbichi isiyopakwa rangi. Kijidudu cha malale kikiwa hai hujipindapinda kama kiluwiluwi, kikizisukuma chembe za damu huku na huku. Wakati mwingine hukioni chenyewe. Unaona chembe zikitikisika, nawe unangoja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kazi ya malale ifanyike Nakuru, mji wa baridi usio na mbung'o hata mmoja. Niliuliza mimi pia. Afisa alinijibu kwamba hiyo ndiyo sababu. Malale hupelekwa na mbung'o, inzi anayenyonya damu, kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Ukiwafuga wanyama wenye ugonjwa mahali ambapo mbung'o hawezi kuishi, ugonjwa hauna pa kwenda.

Wakati huo malale yalikuwa yamerudi kando ya ziwa, kwao Mzee Joram. Yalikuja kwa tabia ya ajabu. Yalitokea kijijini, watu wakaumwa kichwa, wakapata homa, wakalala mchana na kukesha usiku, wengine wakaongea maneno yasiyo na mpango. Waliotibiwa mapema walipona, wengine wakazikwa. Kisha kimya, msimu baada ya msimu, hakuna mgonjwa hata mmoja. Halafu yanarudi palepale. Wakubwa wa serikali walisema watu wenyewe ndio ghala la ugonjwa: kwamba wapo wanaouficha, na wavuvi wanaovuka mpaka wanauleta. Basi vijiji vya ufukweni vikafungwa, watu wakahamishwa mbali na mashamba yao, na kila aliyepita njia kuu alichomwa sindano kidoleni damu yake ipimwe. Mama yake Mzee Joram alikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Alipelekwa kuishi kwa binamu, na mihogo yake ikaliwa na nguruwe mwitu.

Afisa wetu hakukubaliana na wakubwa wenzake. Alidhani ugonjwa unajificha ndani ya mnyama. Basi akatuchukua, Mzee Joram na mimi, tukaenda ziwani na masanduku ya panya. Tulipiga kambi kando ya vichaka vya lantana. Wawindaji waliwapiga wanyama risasi, nasi tukakimbia kutoa damu kabla haijaganda. Damu haikai chupani, vijidudu hufa. Kwa hiyo tuliidunga ndani ya panya papo hapo, na panya ndio walioibeba hadi nyumbani. Tulirudi kwa treni, masanduku yakiwa chini ya viti vyetu. Mama mmoja wa Kisumu alihama behewa alipoambiwa yaliyomo.

Panya waliodungwa damu ya pongo mmoja ndio walioanza kujikunyata. Pongo ni swala wa vichakani, mwekundu, mwenye madoa meupe ubavuni, na hupenda kunywa maji palepale wanapochota watu. Nilitazama damu ya panya wale, nikaviona vijidudu vimejaa.

Nilidhani kazi imekwisha. Afisa akanieleza kuwa ndiyo kwanza inaanza. Kuna kijidudu cha nagana, ugonjwa wa mifugo, ambacho damu ya binadamu hukiua. Na kuna cha malale, ambacho damu hiyo haikiwezi. Chini ya darubini ni mapacha. Panya naye hatofautishi. Hiki humwua, na kile humwua. Kwa ujuzi wa siku zile, kipimo kilikuwa kimoja tu, mwili wa mtu.

Alituita sote ofisini, daktari wa hospitali ya serikali akiwa ameketi kando yake. Alisema alitaka kujidunga mwenyewe damu ya panya wale, lakini daktari amemkatalia kwa sababu ya moyo wake. Anahitaji mtu mzima, mwenye afya, atakayelala hospitali na kutibiwa mara tu vijidudu vitakapoonekana. Ugonjwa ukikamatwa mapema, dawa ipo. Lakini dawa yenyewe ni kali kwa figo, na hakuna anayeweza kuapa kwamba mtu atapona.

"Hakuna anayelazimishwa," alisema. "Atakayekataa atabaki kazini kama kawaida."

Mzee Joram ndiye aliyeuliza swali, tena moja tu.

"Ikionekana ni pongo, Bwana, watu wa kwetu watarudi mashambani?"

Afisa alifikiri. Alisema hawezi kuahidi, ila hataacha kulisema jambo hilo mbele ya wakubwa.

"Basi nidungeni mimi," Mzee Joram akasema.

Alidungwa mkononi, chini ya kiwiko, akawekwa katika chumba cha peke yake hospitalini. Kila asubuhi nilikwenda kumtoa damu kidoleni, nikaitazama kwenye darubini iliyowekwa pale pale dirishani. Siku za kwanza hakukuwa na kitu, naye alikaa kitandani akisoma Biblia na kulalamikia uji wa hospitali. Hakuwa amemwambia mkewe. Alimwambia ametumwa safari. Lakini Nakuru wakati ule ulikuwa mji mdogo. Mke wa mpishi wa hospitali alimwona, na mkewe, Mama Auma, akafika na mtoto mgongoni.

Hakupiga kelele. Aliutazama ule mkono, akaniuliza mimi kama kilichomo ni dawa au ni ugonjwa. Nilimtazama Mzee Joram, naye akaitikia kwa kichwa.

"Ni ugonjwa, Mama," nikasema.

Alikaa kwenye kiti, akamgeukia mumewe.

"Kaka yangu alikufa kwa ugonjwa huu, akiniita kwa jina la mtu mwingine. Wewe ulikuwepo. Halafu unaenda kuutafuta kwa miguu yako."

Mzee Joram alimjibu kwa Kisamia, polepole, kwa muda mrefu. Sikuelewa maneno. Mama Auma alimsikiliza hadi mwisho, akamfunga mtoto vizuri, akaondoka. Kesho yake alirudi na chakula, na kila siku baada ya hapo, lakini hakusema naye.

Kisha pale alipodungwa pakavimba, pakawa kama jipu gumu lisilo na usaha. Homa ikapanda. Asubuhi iliyofuata niliweka tone lake chini ya darubini na nikaona chembe zikitikisika. Nilingoja. Kikatokea, kikajipinda, kikapita. Nilisogeza kioo nikaona kingine. Nilikuwa nimeviona maelfu kwa panya, lakini hivi vilikuwa katika damu ya mtu niliyemjua. Mzee Joram alikuwa akinitazama kutoka kitandani.

"Kipo?" akauliza.

"Kipo, Mzee."

"Mwite daktari," akasema, akajifunika blanketi.

Alianza sindano za mshipa siku hiyohiyo. Zilimtesa kuliko ugonjwa. Alivimba uso, mkojo wake ukabadilika, na kwa juma zima daktari aliingia mle chumbani akiwa amekunja uso. Mama Auma alilala sakafuni kando ya kitanda. Wauguzi walijaribu kumwondoa wakachoka. Hatimaye homa ikashuka. Alipodai ugali badala ya uji, tulijua amepona. Damu yake ilipimwa kwa muda mrefu baadaye, na haikuonekana tena kitu.

Afisa alitimiza neno lake. Alisafiri mara nyingi kwenda kuzungumza na wakubwa wa Nairobi, na mara ya kwanza, tulisikia, walimcheka. Mabadiliko yalikuja kidogokidogo. Vichaka vilikatwa karibu na visima na nyumba, na baadhi ya watu wakaruhusiwa kurudi, mama yake Mzee Joram akiwemo. Pongo wengi waliuawa, zaidi ya ilivyohitajika kwa maoni yangu. Miaka ikapita, uhuru ukaja, na watafiti wengine wakaonyesha kwamba ng'ombe wa nyumbani naye huweza kukibeba kijidudu kilekile akila majani na kutoa maziwa kama kawaida. Nilihamishiwa Naivasha, kisha Gilgil kukagua nyama kwenye machinjio, kisha nikarudishwa Nakuru, ambako nilistaafu nikiwa mkuu wa mafundi wa maabara.

Siku hizi vijana wa chuo hunitembelea Bondeni. Wananiambia kuwa sasa vijidudu vile pacha hutenganishwa kwa mashine, bila kumgusa mtu. Nafurahi kusikia. Wengine huniuliza kama ilikuwa haki kumdunga Mzee Joram. Huwaambia yaliyotokea, ninyi pia nimewaambia, na kila mmoja apime mwenyewe.

Mzee Joram alifariki uzeeni, nyumbani kwao Samia, kwa ugonjwa wa pumu. Nilisafiri kwenda kumzika. Niliombwa niseme neno, nikaeleza kazi aliyoifanya, na wajukuu wake wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Baadaye Mama Auma aliniita nikakaa naye. Alikuwa ameishiwa nuru ya macho lakini akili yake ilikuwa kamili. Aliniambia kuna jambo hakuwahi kumwuliza mumewe.

"Yule pongo mliyemtoa damu. Alikuwa anaumwa?"

"Hapana, Mama. Alikuwa mnene, ngozi inang'aa. Mnyama mzima kabisa."

Alipapasa fimbo yake.

"Basi ndiyo maana," akasema. "Sisi tulilaumiwa kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tunaumwa."