Roboti wa Ikolo asiyepita bila kusalimia

Jumatano, saa mbili asubuhi. Kwenye kibaraza cha darasa la awali katika kijiji kimoja cha kata ya Ikolo, wilayani Kyela, Mwalimu Restituta Theophil amechora miraba kwa mkaa na kupanga kadi tatu zenye mshale: mbele, mbele, mbele. Naomi, mwenye miaka mitano, leo ni roboti. Kazi yake ni kulifikia kapu la ndizi.

Anapiga hatua moja. Ya pili. Kisha anachuchumaa.

"Naomi! Roboti anachuchumaa?"

"Ninamsalimia babu, mwalimu."

"Babu" ni Lusungu, mtundu wa darasa, aliyewekwa kando ya mraba wa pili ili atulie. Anakunja uso na kuitikia salamu kwa Kinyakyusa, kwa sauti nzito: "Ndaga, mjukuu wangu."

Darasa linaangua kicheko. Naomi anainuka, anamalizia safari.

"Hatua ngapi?"

"Nneee!"

Restituta anafumba macho. Ni tatu. Jana pia zilikuwa tatu, na jana pia walisema nne.

Wataalamu huuita mchezo huu usimbaji: kupanga maelekezo hatua kwa hatua, kama apangiwavyo roboti. Kompyuta haihitajiki, na ugomvi ulianzia hapo.

"Mtoto anarudi na nyayo nyeusi tii," analalamika Asajile, mkulima wa kakao, baba yake Naomi. "Kompyuta yenyewe iko wapi, mwalimu? Mmeificha?"

Mwalimu mkuu amekata shauri: kwenye kikao cha wazazi cha Ijumaa, mtoto mmoja aonyeshe alichojifunza. Akikosea, miraba ifutwe, darasa lirudi kuimba namba.

"Kuimba wanajua," anasema Restituta, mzaliwa wa Bukoba, kama mtu aliyechoka kulirudia jambo lilelile. "Wanaimba mpaka hamsini. Mwambie mmoja akuletee ndizi nne, anakuletea chane zima."

Alijaribu kumwondoa Lusungu. Watoto wakachuchumaa mbele ya sakafu tupu. Alhamisi alisalimu amri, akamrudisha Lusungu, akachora kadi mpya yenye mtoto aliyechuchumaa. Tangu hapo akawa anauliza mawili: kadi ngapi, na hatua ngapi?

Ijumaa ilipofika, Asajile hakukaa na wazazi wenzake. Alikwenda kusimama kando ya mraba wa tatu, mikono kifuani. Naomi alimtazama, akarudi kwenye kadi zake, akaongeza nyingine ya salamu. Akatembea, akamsalimia babu, akamsalimia baba.

"Kadi ngapi?" aliuliza mwalimu.

"Tano."

"Na hatua?" Asajile alidakia.

Lusungu alifungua mdomo. Mwalimu akamkata jicho.

"Tatu," alisema Naomi. "Kusalimia si kutembea, baba."

Wazazi waliruhusu mchezo uendelee mpaka muhula uishe. Asajile aliondoka akinung'unika kwamba kompyuta bado hajaiona.

Restituta anataka watoto wafunge muhula wakijua kugeuka, kisha waanze kujumlisha. Kugeuka alikuanza Jumatatu.

"Nikasema, 'Haya, wote, kulia!'" Anashusha pumzi. "Nusu ya darasa ikaangua kilio."