Makaburi ya Wapagazi kule Bomani

Kwanza mnisamehe. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la saba, mistari inapanda mlima na kushuka, na maneno mengine najua nimeyakosea ila sijui ni yapi. Mwalimu amekataa kuniandikia. Amesema niandike mwenyewe, kisha atabandika karatasi moja pale mnadani na nyingine nje ya kanisa. Mimi naandika polepole, basi nanyi msome polepole.

Aliyenifanya niondoke nyumbani ni bibi, mama yake baba. Siku ya mnada alikaa karibu na mnunuzi mmoja wa ng'ombe kutoka Manyoni, akamsikia akiwasimulia wenzake habari za kwao. Alisema kuna kijiji wanakiita Bomani, juu ya kilima penye boma la zamani la Wajerumani, na chini ya boma kuna makaburi ya vita vile vya kwanza. Sasa mfanyabiashara mmoja anautaka uwanja huo ajenge mashine ya kukamua alizeti, na kijiji kimekubali, maana siku hizi kila kitu ni ruksa. Makaburi ya Wazungu yataachwa kwa kuwa yana majina. Mengine, mwenye ndugu aje kabla ya Ijumaa aonyeshe kaburi lake. Lisilo na mwenyewe, trekta litapita juu yake.

Bibi alirudi nyumbani bila hata chumvi aliyoifuata.

Baba yake alichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi katika vita hivyo, bibi akiwa bado tumboni mwa mama yake. Hakurudi. Alirudi mwenzake mmoja tu, akasema: amelala chini ya boma, upande wa Manyoni. Jeshi lilipanga maiti zote kwa safu, lakini sisi wa kwetu tulimlaza kama kwetu. Ukoo wetu humlaza maiti akitazama kaskazini, kule ziwani ambako wazee wanasema tulitoka. Maneno hayo bibi aliyapokea kwa mama yake, nami nimeyasikia tangu mdogo.

Baba yangu anaumwa mgongo. Kaka yuko machimboni Mererani. Nikabaki mimi, na nyote mnanijua: mwalimu wa darasa la saba alikuwa akiita majina, nikiitika hasikii, ananiandika sikuja. Bibi alinishika mkono akasema, "Wewe ukifika, mwambie jina langu. Alikufa hajui kama nilizaliwa. Jina la ubatizo hatalielewa. Mwambie Mbula, yaani mvua, kwa sababu siku niliyozaliwa ilinyesha."

Kiomboi, kwetu Iramba, alfajiri ya Jumatano. Nilipanda basi la Singida nikiwa nimevaa koti la mitumba la kaka, mikono imenizidi. Nilikuwa na viazi vya kuchemsha na hofu nyingi. Nilikuwa nafikiri, hata nikifika, nitamwambia nani, na nitaanzaje? Nilijaribu maneno kimyakimya njia nzima mpaka mama aliyeketi karibu nami akaniuliza kama nasali. Nikasema ndiyo.

Singida mjini nilikuta basi la Manyoni linaondoka, nikalidandia. Tulipofika Mkiwa, pale njia panda, likapasua tairi, na tairi la akiba lilikuwa limepasuka tangu juzi. Abiria walishuka wakanunua karanga na kucheka. Mimi nilisimama barabarani natazama jua. Kila lilivyoshuka niliona trekta linazidi kukaribia kilima.

Jioni bado sijapata gari. Nililala kwenye kibaraza cha duka. Alhamisi asubuhi likaja lori limejaa matenga ya kuku, linakwenda Dodoma. Utingo akapiga kelele, "Anayetaka Manyoni apande juu na kuku! Nafasi ipo, heshima haipo!"

Nikapanda. Kuku walinidonoa visigino hadi Manyoni. Utingo aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia makaburini. Akanitazama, akasogea upande wa pili wa lori.

Kutoka Manyoni nilitembea, nikapata lifti ya baiskeli, nikatembea tena. Nilifika Bomani mchana umeanza kupoa. Boma limebaki kuta, na mbuzi wanalala kivulini. Chini yake kuna uzio wa minyaa, na ndani ya uzio ndiyo makaburi. Upande wa juu yako machache ya saruji, yana misalaba na majina ya Kijerumani na ya Kiingereza. Walipigana wao kwa wao, sasa wamelala pamoja. Kuanzia hapo kwenda chini, hadi karibu na korongo, ni mafungu ya mawe tu, safu baada ya safu, bila jina lolote, vichwa vyote vimeelekezwa bomani kama gwaride.

Ila moja. Liliwekwa kukingama katikati ya safu, mawe yake yamepakwa chokaa, limefagiliwa hadi mchanga una alama za ufagio. Nikasimama palepale nalitazama.

"Wewe ndiye wa trekta?"

Nyuma yangu alikuwa mama mtu mzima amejifunga kanga kiunoni, ameshika ufagio.

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ondoa miguu juu ya watu."

Nikaangalia chini. Nilikuwa nimesimama juu ya kaburi. Niliruka, nikaangukia jingine. Mama yule akacheka mpaka akauegemea ufagio.

Jina lake Bi Zuhura, anauza vitumbua pale kijijini. Nilimweleza kwa shida kwamba nimetoka Iramba, namtafuta baba yake bibi yangu.

"Mnyiramba!" akasema. Yeye asili yake Unyamwezi, na Wanyamwezi hututania. "Miaka yote nafagia peke yangu, leo trekta linakuja ndiyo Mnyiramba anakumbuka kwamba ana babu? Haya, mtani, yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye kaburi la chokaa. "Ni huyu. Anatazama kaskazini."

Kicheko kikakatika. "Huyo anatazama kibla," akasema. "Huku kwetu kibla ni kaskazini. Huyo ni babu yangu, askari, Mwislamu wa Tabora. Bibi yangu alimfagilia, mama akamfagilia, sasa ni mimi. Umepanda gari kutoka Iramba kuja kuniibia maiti?"

Sikuwa nimewaza kwamba mtu mwingine anaweza kumtazamisha maiti wake huko huko kwa sababu nyingine kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini mahali pale nikaogopa hata kutamani hivyo.

Alinichukua kwake hata hivyo. Mgeni ni mgeni, alisema, hata akiwa mwizi wa maiti. Nilikula ugali wa uwele na mlenda, na yeye akawa ananisimulia jinsi makaburi yale yalivyoanza. Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma na Waingereza wanawafuata. Boma liligeuzwa hospitali, kwanza ya hawa, kisha ya wale. Askari walioletwa na risasi mwilini walizikwa katikati. Wapagazi walizikwa chini, karibu na korongo, nao hawakupigwa na risasi hata mmoja. Waliuawa na homa, na kuhara, na njaa, na mzigo. Mtu alikuwa anakaa chini apumzike, wenzake wanamwita aamke, haamki.

"Na huyu wa chokaa?" nikauliza. "Yuko kwa askari au kwa wapagazi?"

Bi Zuhura alikuna ukoko wa sufuria. "Yuko mpakani," akasema. "Bibi yangu naye hakuonyeshwa. Aliambiwa tu, mumeo yumo humu. Alipoingia akaona mmoja ameelekezwa kibla, akasema ni huyu. Sasa kama si huyu, mtani, basi wangu yumo kwenye safu. Na mimi nimempitia juu kila siku nikienda kumfagilia wako."

Usingizi wa siku ile ulikuwa mbaya. Nafikiri na wa kwake pia, maana nilisikia akikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa.

Ijumaa asubuhi tulilisikia trekta kabla ya kuliona. Alikuja mwenyekiti wa kijiji, na yule mfanyabiashara amevaa kanzu na koti, na watu wengi wa kutazama. Dereva hakuzima mashine.

"Bi Zuhura, lako tunalijua," mwenyekiti akasema. "La chokaa halitaguswa. Mwenye jingine yupo?"

Watu wakatazamana. Nikainua mkono kama darasani.

"Kijana, kama ni haja ndogo, vichaka viko kule," dereva akasema. Watu wakacheka. Bi Zuhura hakucheka. Alinitazama tu.

"Nina babu humu," nikasema.

"Hatusikii!"

"Nina babu humu!"

"Haya," mwenyekiti akasema, "kaburi lake lipi?"

"Sijui, mzee."

"Hujui? Sasa umefuata nini?"

Hapo ndipo nilipoacha kujipangia maneno, kwa sababu yote niliyoyapanga yalikuwa yamekimbia. Nikasema, "Mzee, la chokaa ama ni la babu yangu ama ni la babu yake Bi Zuhura. Kama ni la wake, wangu yumo kwenye safu. Kama ni la wangu, wa Bi Zuhura yumo kwenye safu. Kwa vyovyote mtu wetu mmoja yuko chini ya mawe hayo, na hatumjui ni yupi. Sasa huyu dereva ataanzia wapi?"

Dereva akazima mashine. Sijui kwa nini, labda ili asikie vizuri. Mbuzi wa boma wakasikika.

"Nani kamfundisha huyu?" mfanyabiashara akauliza.

"Hajafundishwa," Bi Zuhura akasema. "Tangu jana sijamsikia akisema maneno mengi hivyo. Na mimi nasema kama yeye. La chokaa sidai tena peke yake. Nadai ambaye simjui."

Mfanyabiashara akavua kofia, akaivaa tena. "Mwenyekiti, mimi nakamua mafuta ya watu kula," akasema. "Wakisikia yametoka juu ya maiti wanaogombewa, nani atanunua?"

Wakasogea pembeni wakanong'ona muda mrefu. Mwenyekiti aliporudi alisema hivi: kazi itasimama mpaka baada ya mavuno. Lakini watu wawili hawawezi kushikilia uwanja mzima. Kama makaburi haya yana wenyewe, wenyewe waje, au ndugu zao waandike. Wakikosekana, trekta litarudi.

Watu walipotawanyika nilibaki na kazi niliyotumwa. Bibi alisema nimwambie jina lake, nami sikujua niliseme wapi. Nikaanzia safu ya juu ya askari. Nilisimama mbele ya kila fungu la mawe, nikasema, "Ulipata mtoto wa kike. Anaitwa Mbula." Mwanzoni nilinong'ona. Nilipofika katikati, kwenye kaburi la chokaa, sauti ilikuwa imetoka yenyewe, na watoto waliokuwa wamepanda ukuta wa boma walikuwa wanasikia. Sikuona haya. Bi Zuhura alinifuata nyuma na ufagio, kila nilipoondoka anafagia.

Manyoni nilipanda treni ya Singida, na Jumapili nikafika nyumbani. Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Hakuniuliza habari za njia, wala hakungoja niketi.

"Ulimwona?"

"Sikumjua ni yupi, bibi."

Akainamisha kichwa. "Kwa hiyo hukumwambia."

"Niliwaambia wote."

Nikaogopa kwamba nimekosea. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wote?" akauliza. "Hata watani zetu Wanyamwezi?"

"Hata wao."

"Basi nina baba wengi," akasema. Akaingia ndani kunitafutia chakula, nikamsikia akicheka peke yake jikoni.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani makaburi yale ni ya jeshi, na jeshi linawajua watu wake. Siyo hivyo. Wamelala pale watu ambao nyumbani kwao walisubiriwa, pengine nyumbani kwako wewe unayesoma hapa mnadani na kamba ya mbuzi mkononi. Kama kwenu kuna jina la mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita vile asirudi, muulize mzee wenu leo, usingoje kesho. Kisha uniandikie. Andika jina lake, na jina la mtoto aliyemwacha, hata kama mwandiko wako ni mbaya kuliko huu. Barua mwachie mwalimu aliyebandika karatasi hii. Alizeti zimeanza kuchanua, mavuno hayako mbali. Zikikauka nitazipeleka barua zote Bomani, na kabla ya kumpa mwenyekiti nitapita kwenye safu nizisome kwa sauti.