Pini Niliyokataa Kuikata

Mimi niliyerudi kutoka Bukavu vita vilipopungua, naungama. Niliunda baiskeli ambayo pedali huzunguka kila gurudumu linapozunguka. Nikachagua mikono ya pedali ya bei rahisi kuliko yote, inayobanwa kwa pini ndefu.

“Papa, kata hiyo ncha, itakukamata,” alionya mama muuzaji wa vipuri pale sokoni.

“Maman, mimi ni fundi wa mafundi!”

Jana sisi waendesha baiskeli za abiria tulishindana kutoka ziwani hadi soko la Kamembe. Mshindi angepata nafasi ya kwanza ya kupakia abiria. Niliwaacha wote mlimani. Karibu na soko pini ilinasa suruali, na pedali zikazidi kuivuta. Nilikataa kusimama. Nilifika wa kwanza nikishangilia, suruali yote ikining'inia kwenye pini.

Yule muuzaji alijifunika macho kwa kitenge. “Nafasi ni yake! Lakini mumuvalishe kwanza huyu muntu!”