Leso Zisizosomwa

Shangazi yangu Mwanamkasi alijifunza herufi kwenye leso. Chuoni alisomeshwa Kurani, lakini shule hakupelekwa, na alipoanza kumsaidia mamake kuuza leso sokoni Likoni alizijua kwa kuwasikia wateja wakitaja majina yake, yaani msemo uliochapwa kwenye kila moja. Akawa anapitisha kidole chini ya maandishi, mpaka siku moja macho na masikio yakakubaliana. Hata leo husoma kwa sauti, kama mtu anayetangaza msiba.

Leso haikutoka mikononi mwake bila kusomwa. Huikunjua, huiweka kifuani, humsomea mteja jina lake lote. "Usije ukampelekea mkweo matusi," huwaambia, nao hucheka. Watu wa mbali hudhani leso ni maua na rangi. Yeye alijua kwamba pindo moja na mji mmoja, ile sehemu ya kati, huchapishwa mara nyingi kwa majina tofauti, mwaka huu dua, mwaka ujao kijembe. Ndiyo maana aliweka madaftari manne, amepanga majina kwa jinsi yalivyoingia sokoni, na kando ya kila jina maneno machache: korosho, pindo jekundu, nanasi, mji wa manjano.

Nilipomaliza chuo kikuu, ambako nilisomea kazi ya maktaba, sikupata ajira. Nikawa nakaa dukani kwake na kitabu mapajani. Mteja akiulizia leso ambayo shangazi hana, niliandika jina la leso hiyo kwenye simu, ikaja orodha, nami nikamsomea mstari kwa mstari. Hilo shangazi alilipenda.

"Kumbe ni daftari langu," alisema, "ila lako halina vumbi."

Baadaye nikamwonyesha njia nyingine. Unaipiga leso picha, simu inakuletea picha zinazofanana nayo, zimejaa kioo kizima, huandiki wala husomi chochote. Alizitazama kwa muda.

"Nyingi," alisema. "Mbona hazineni?"

"Hazihitaji kunena, shangazi. Waziona mwenyewe."

"Haya, msomi wangu."

Mwaka jana, baada ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Rahima wa Mtongwe akaja dukani. Shangazi na Rahima walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana. Kisha Mansur, mwanawe Rahima, akamposa binti ya shangazi, na wiki chache kabla ya nikahi akabadili nia. Rahima hakuja kuomba radhi. Miaka saba walipishana sokoni wakisalimiana kama wapangaji wa nyumba moja wasiojuana majina. Binti mwenyewe aliolewa Junda, ana watoto wawili, na hana habari na Mansur. Aliyebaki na jeraha ni shangazi.

Rahima aliketi kwenye kibao, akavua viatu. Mkononi alikuwa na kipande cha leso kuukuu, kimekatwa, sehemu ya maandishi haipo.

"Mwanamkasi, namuoza kitinda mimba wangu," alisema. "Nataka sare ya siku ya hina. Hii ndiyo leso aliyojifunga marehemu mama siku yangu mimi. Zingeweza kutoka kwa mwingine. Nataka zitoke kwako."

Shangazi alikishika kile kipande, akakinusa. "Hii nilikuuzia mimi, na ulikopa," akasema, wakacheka wote wawili hadi Rahima akapangusa macho kwa ncha ya buibui.

"Jina lake walikumbuka?"

"Lilikuwa la kuombea. Heri, heri... basi. Limenitoka."

Alipoondoka, shangazi alifungua madaftari. Akapata leso nne za korosho zenye neno heri. Alitaka kuvuka kisiwani kwa mzee mmoja aliyekuwa akiziagiza zamani, akamuulize ni ipi. Harusi ilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Nilimwonea huruma, magoti yake hayapendi ule mteremko wa feri. Nikakipiga picha kile kipande, na kabla hajafunga daftari nilikuwa nimeipata: korosho zilezile, pindo lilelile, mpaka vitone vya pembeni. Ilikuwa ikiuzwa na mfanyabiashara wa mji mwingine, doti hamsini, tayari kusafirishwa. Katika picha yake zilikuwa zimekunjwa na kupangwa moja juu ya nyingine, maandishi yakiwa ndani.

"Jina lake?" aliuliza shangazi.

"Ndiyo hiyohiyo, shangazi. Tazama."

Alitazama. Macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Akasema niagize.

Mzigo ulichelewa. Ulifika asubuhi ya siku ya hina yenyewe, duka limejaa watu, na tuktuk ya kuupeleka Mtongwe inanguruma nje. Nilikata gunia, nikaona doti zimefungwa kila moja kwenye karatasi ya plastiki. Nilikiweka kipande cha Rahima juu ya moja. Vilifanana kabisa, na moyo wangu ukafurahi kama mimi ndiye niliyezichapisha.

Shangazi, akiwa amezungukwa na wateja, aliniita.

"Abee, shangazi."

"Umezisoma?"

"Zote ni zilezile," nilimjibu.

Kwa maisha yangu yote nitalikumbuka jibu hilo. Hakuniuliza kama zinafanana. Nami nililijua swali lake, nikajibu langu.

Alasiri tulikuwa ukumbini kwa Rahima, wanawake wamejaa mpaka barazani, hina imeshakorogwa. Rahima alimtaka shangazi agawe sare kwa mkono wake, watu waone kwamba wamepatana. Shangazi aligawa huku akitaniwa na kutania. Plastiki zikawa zinapasuliwa kila upande, leso zinakunjuliwa. Mishi, wifi yake Rahima, ndiye aliyesoma wa kwanza, kwa sauti yake isiyojua kunong'ona:

"Ulinitupa jaani, nimeota mboga."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Wengine wakawa wanasoma zao kimyakimya, kana kwamba huenda moja ikawa na maneno mengine. Kila aliyekuwa mle alijua nani alitupwa na akaota mboga Junda.

Rahima alikuwa ameshajifunga yake kiunoni. Aliifungua, akaisoma, akaikunja vizuri, akamrudishia shangazi.

"Miaka saba, Mwanamkasi," alisema. "Kumbe uliniwekea."

"Wallahi, Rahima, sikujua."

"Wewe?" alisema Mishi. "Wewe usijue jina la leso?"

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema. Ilinitosha kusema maneno matatu: ni mimi, shangazi. Macho ya ukumbi mzima yalikuwa kwetu, na mimi ni mtu ambaye hata chenji ya nauli hushindwa kuidai. Nilitazama mkeka. Shangazi alinitazama mara moja, akaelewa, na hakunitaja. Alivaa buibui lake, akaniambia, "Twende, mwanangu."

Njiani hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

Ilinichukua miezi mitatu kwenda Mtongwe peke yangu. Rahima alinikaribisha vyema, akanipa chai ya tangawizi, nami nikamweleza kila kitu: picha, plastiki, jibu langu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini," alisema. "Lakini ungesema siku ile, mbele yao, tungecheka. Sasa wale wote walisoma, wakaenda kusimulia. Nimfuate kila mmoja nyumbani kwake nimwambie kwamba ni simu?"

Nilipomweleza shangazi nimetoka wapi, alikunja uso. "Nani alikutuma?" aliuliza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Alisema nini?" Nilimwambia. Akaendelea kupanga leso.

Wanapishana bado, karibu na wauza samaki, hasa siku za Alhamisi. Salaam aleikum, husema mmoja. Waleikum salaam, hujibu mwenzake, na kila mmoja hushika njia yake. Mimi huwa nyuma nimebeba kikapu, naye Rahima hunisalimu kwa jina.