Siku Nne Bila Mapanki

Miaka ile viwanda vya minofu vilipoanza kuota kando ya ziwa, nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nikiishi Mirongo kwa mama mkubwa. Yeye alikuwa akikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa Ulaya. Alikuwa na wateja wengi, na kila asubuhi alikwenda kuchukua mzigo kiwanda kimoja upande wa Ilemela.

Siku moja alirudi mapema, akabwaga ndoo tupu uani.

“Wamegoma,” alisema. “Watu wamepata kazi ya kivulini, sasa wanaringa.”

Mtaa mzima ulisema hivyo hivyo. Fundi cherehani wa jirani, ambaye alipunguzwa kazini serikali ilipoanza kuuza viwanda vyake, alikasirika kuliko wote. “Tamaa tu hiyo, wanataka nyongeza. Wangeniita mimi leo, ningekwenda pekupeku.” Wengine walisema wamechochewa na vyama vipya vya siasa. Kila mtu alikuwa na jibu, lakini sikusikia hata mmoja aliyekwenda kuwauliza wagomaji wenyewe. Hilo lilinisumbua.

Katika nyumba yetu alipanga dada mmoja aliyefanya kazi kiwandani humo. Tulijuana kwa salamu tu, maana alikuwa akitoka alfajiri na kurudi hoi. Siku ya pili ya mgomo nilimkuta uani anafua.

“Dada, samahani, mnadai nini hasa?”

Alinitazama kidogo. “Mwalimu, wewe ukitaka kwenda chooni unamwomba nani?”

“Simwombi mtu.”

“Sisi tuna kibao. Kimoja, watu arobaini. Asiye na kibao haendi, na msimamizi humpa amtakaye.” Aliikamua nguo, akaitundika. “Juzi mwenzetu mmoja, ana mimba ya miezi saba, aliomba mara tatu. Akaambiwa asubiri, ndege imekaribia kuondoka na mzigo haujaisha. Akajikojolea pale pale, kisu mkononi. Msimamizi akacheka. Basi mimi nikaweka kisu mezani. Nikasikia na cha jirani yangu kinawekwa, na kingine, mpaka chumba kizima kikanyamaza.”

“Sasa mbona hamwaelezi watu? Huku mnatukanwa.”

“Tueleze nini? Tusimame sokoni tutangaze kwamba mama wa watu kajikojolea? Ameshaaibika mara moja, inatosha.”

Nilimwomba niruhusiwe kumwambia mama mkubwa peke yake. Alisita, kisha akakubali, nami nikaahidi kwamba kwa mwingine yeyote sitafungua mdomo.

Mama mkubwa alinisikiliza huku anapembua mchele. Mkono wake ulisimama.

“Miezi saba?” aliuliza.

“Saba.”

Kesho yake, Jumamosi, aliamka akapika uji sufuria kubwa, tukaubeba mpaka getini. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mawe, wengine wamevaa bado mabuti ya mpira.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu. Kunyweni kabla haujapoa.”

Mwanamume mmoja aliyepita na baiskeli alipaza sauti, “Wavivu nyie!” Mama mkubwa alimgeukia na upawa mkononi. “Njoo usimame wewe tangu alfajiri tukuone!” Lakini sababu hakuitaja. Nilitazama nyuso za wale wanawake nikijaribu kumjua yule mjamzito, kisha nikaona haya, nikainamisha macho kwenye vikombe.

Siku ya nne wakubwa walikubali kukiondoa kibao, kazi ikaanza, na mapanki yakarudi. Ila mpangaji wetu na wenzake wawili waliambiwa wasirudi. Alihamia Buhongwa kwa dada yake, akalima nyanya. Nilipomtembelea alinieleza kwamba yule mwenzake amejifungua salama, mtoto wa kike, na bado yuko kiwandani.

“Humwonei wivu?” niliuliza.

“Siku nyingine namwonea,” alisema, akacheka. “Hasa jua likiwa kali.”

Mtaani kwetu mgomo ule ulibaki kuwa mgomo wa tamaa. Fundi cherehani aliusimulia hivyo miaka na miaka, nami nilikaa pale nikisubiri anishonee gauni, namsikiliza, na ahadi yangu ikinizuia kumkatiza.